Kuzaa Si Kazi, Kazi ni Kulea: Ulezi wa Walimu Wapya Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Utangulizi

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wazazi wa damu. Katika makala haya tunaielekeza kwa mzazi wa namna nyingine, yaani mfumo wa elimu, ambao kila mwaka huwazaa walimu katika vyuo vya ualimu na vyuo vikuu, ukawapa vyeti na barua za kazi, kisha ukawaacha mlangoni pa darasa wajitafutie njia. Je, ni nani anayemlea mwalimu huyo baada ya kuzaliwa? Na ikiwa hana mlezi, tustaajabu vipi anapoomba uhamisho kabla hata ya kuyazoea majina ya wanafunzi wake?

Swali hili laweza kuulizwa popote Afrika Mashariki. Tumeamua kuliuliza kuhusu kaunti za Garissa, Wajir na Mandera kwa sababu mbili. Kwanza, huko uhaba wa walimu umekuwa mkali kuliko sehemu nyingi za Kenya, na sababu za walimu kuondoka zimekuwa nzito mno. Pili, jambo hili linatuhusu sisi wenyewe. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na tangu hapo kila shule imehitaji mwalimu wa Kiswahili. Barua ya kwanza ya kazi yaweza kumpeleka yeyote miongoni mwetu Masalani, Habaswein au Rhamu. Ni vyema basi tuelewe mapema maana ya kupokewa na maana ya kupokea.

Dhana ya ulezi wa kitaaluma

Kabla ya kuendelea, inafaa tufafanue istilahi. Mtu mzoefu anayemwongoza mgeni katika kazi huitwa kwa majina mbalimbali katika Kiswahili: mshauri, mnasihi, mlezi. Lugha yetu ina hata maneno ya zamani zaidi yanayokaribiana na dhana hii. Katika mila za Waswahili, mwari hakuachwa aingie utu uzima peke yake. Alikuwa na kungwi au somo wake, mtu aliyemfunza mambo ambayo hayakuandikwa popote, na ambaye aliendelea kuwa kimbilio lake hata baada ya sherehe kwisha. Kwa kuwa neno kungwi limefungamana sana na unyago, katika makala haya tutatumia mlezi na ulezi. Hata hivyo, sifa ya kungwi tunaihitaji: kwamba kazi yake haimaliziki siku mwari anapotolewa ndani.

Mlezi si mkaguzi. Mkaguzi huja na fomu, hupima, huandika ripoti na kuondoka. Mlezi hukaa. Mwalimu mpya anaweza kumwambia mlezi wake kwamba somo la jana lilimshinda, jambo ambalo hatathubutu kumwambia mtu ambaye kesho ataandika tathmini ya kumpandisha au kumshusha cheo. Kwa sababu hiyo, wataalamu wengi wa elimu hupendekeza kazi hizi mbili zisitiwe mikononi mwa mtu mmoja.

Yafaa pia tutaje kile ambacho tafiti zimebaini. Mwaka 1984 mtafiti Simon Veenman wa Uholanzi alipitia tafiti nyingi kuhusu walimu wanaoanza kazi, akaona kuwa tatizo linalotajwa zaidi ni nidhamu ya darasa. Wapo pia wanaotatizwa na namna ya kuwatia wanafunzi hamu ya kusoma, na namna ya kuwahudumia wanafunzi wenye uwezo tofauti. Mwaka 2011 Richard Ingersoll na Michael Strong wa Marekani walichunguza tafiti 15 kuhusu ulezi wa walimu wapya. Nyingi kati ya hizo zilionyesha kuwa walimu waliolelewa walifundisha vizuri zaidi, wanafunzi wao walifanya vyema zaidi, na wao wenyewe walielekea zaidi kubaki kazini. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali, na kilicholeta tofauti ni aina ya ulezi. Utafiti wa awali wa Ingersoll na Thomas Smith, wa mwaka 2004, ulikuwa umedokeza kwamba ulezi wenye nguvu zaidi ni ule wa mlezi anayefundisha somo moja na mgeni wake, pamoja na kuwepo kwa muda wa kupanga kazi kwa ushirikiano. Kumkabidhi mwalimu mpya wa Kiswahili kwa mwalimu yeyote aliye na nafasi katika majilisi ni nusu tu ya kazi.

Mlezi yuko wapi?

Hapa ndipo hali ya Kaskazini Mashariki inapotulazimisha tufikiri upya. Nadharia yote ya ulezi hutanguliza dhana kwamba shuleni pana mkongwe anayemngojea mgeni. Je, wakongwe wakiwa wameondoka?

Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilivamiwa na wapiganaji wa al-Shabaab na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakirejea makwao kwa likizo ya Desemba. Shule zilipofunguliwa mwaka 2015, mamia ya walimu wasio wenyeji walikataa kurudi, wakakita kambi Nairobi mbele ya makao makuu ya Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) wakidai uhamisho. Kabla machozi hayajakauka, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Chuo hicho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 2011 katika uwanja uliokuwa wa chuo cha ualimu, na miongoni mwa waliokuwa wakisoma humo walikuwamo walimu wa kesho.

Yaliyofuata yaliendeleza mkondo huohuo. Februari 2018 walimu wawili na mke wa mmoja wao waliuawa katika Shule ya Msingi ya Qarsa, kaunti ya Wajir. Oktoba mwaka huohuo walimu wawili waliuawa katika Shule ya Sekondari ya Wavulana ya Arabia, kaunti ya Mandera. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa. Baada ya mashambulizi hayo TSC iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na shule kadhaa zikabaki na mwalimu mmoja au wawili, au zikafungwa kabisa. Viongozi na wazazi wa eneo hilo walilalamika kwamba watoto wao walikuwa wakiadhibiwa kwa kosa ambalo hawakulitenda. Tume nayo ilisema haiwezi kuwaacha walimu wake wauawe. Pande zote mbili zilikuwa na haki.

Ni lazima tuseme wazi basi kwamba ulezi hauzuii risasi. Hakuna mlezi, hata awe hodari vipi, anayeweza kuchukua nafasi ya usalama, nyumba bora ya mwalimu ndani ya ua wa shule, na barabara inayopitika. Anayehubiri ulezi huku akiyafumbia macho hayo anamtwisha mwalimu mpya mzigo usio wake. Hoja yetu ni kwamba hata usalama ukirejea, mwalimu hatabaki pale ambapo hajapokewa. Na kwamba kwa kuwa wakongwe wa nje wameondoka, mlezi wa kwanza wa mgeni sharti atafutwe miongoni mwa wenyeji.

Wenyeji wenyewe wamekwisha kuonyesha kuwa wanaweza kuwa ngao ya wageni. Desemba 2015, basi jingine liliposhambuliwa katika kaunti ya Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mmoja wao, Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016 kutokana na majeraha hayo. Baadaye serikali ilimtunuku nishani. Hatuwezi kumtaka kila mwalimu mwenyeji afikie upeo huo. Tunachoweza kusema ni kwamba mgeni aliye na rafiki mwenyeji katika majilisi ana kitu ambacho fedha za marupurupu ya mazingira magumu haziwezi kumnunulia.

Mwalimu wa Kiswahili mbele ya darasa la Wasomali

Tuchukue mfano. Mwalimu kijana, msemaji wa lugha ya Kibantu tangu utotoni, anaingia darasa la nne katika shule ya mashambani Garissa. Wanafunzi wake wengi huzungumza Kisomali nyumbani, na wamepitia duksi, ambako walijifunza kusoma Kurani kwa kuandika kwenye ubao wa mti uitwao *loox*. Anasahihisha insha za kwanza na kukuta *bamoja* badala ya *pamoja*, *fitabu* badala ya *vitabu*, *sawadi* badala ya *zawadi*. Anakuta pia *kitabu yangu* na *mti yetu*. Anawaka hasira. Anahitimisha kuwa watoto hawa ni wavivu, au kwamba waliomtangulia hawakufundisha. Kufikia mwisho wa muhula amekata tamaa, na fomu ya uhamisho iko mezani.

Mlezi mwenyeji angemwokoa kwa dakika kumi. Angemweleza kwamba Kisomali hakina sauti /p/, /v/ wala /z/. Kwa hiyo mtoto hutumia sauti iliyo jirani katika lugha yake, yaani /b/, /f/ na /s/. Angemweleza kwamba nomino za Kisomali zina jinsia ya kike na ya kiume, lakini hazina ngeli kama zetu. Upatanisho wa kisarufi ambao yeye aliunyonya pamoja na maziwa ya mama ni jambo ambalo mtoto huyu hujifunza kama hesabu. Makosa hayo yana mpangilio, na kosa lenye mpangilio hufundishika. Mwalimu akiandaa jozi za maneno kama *paa* na *baa*, *vua* na *fua*, *zima* na *sima*, darasa litaanza kusikia tofauti kabla ya kuitamka.

Aidha, mlezi huyo angemwonyesha utajiri ulioko. Kiswahili na Kisomali ni majirani wa kale: Kibajuni huzungumzwa pwani ya mpaka wa Kenya na Somalia, na Chimwiini ni lahaja ya Kiswahili ya mji wa Barawa huko Somalia. Lugha zote mbili zimechota katika kisima cha Kiarabu. Mtoto anayejua *xisaab*, *waqti*, *safar* na *cilmi* tayari yu karibu na hesabu, wakati, safari na elimu. Hata jina la kazi yetu ni moja: *macallin* wa duksi na mwalimu wa shule ni ndugu wa shina moja. Mwalimu mgeni anayeanza somo la msamiati kwa maneno haya huwaambia wanafunzi, bila ya hotuba, kwamba lugha yao haikuachwa nje ya lango la shule.

Maarifa haya hayapatikani kwa urahisi katika vitabu vya mbinu za kufundishia. Yamo vichwani mwa watu ambao mara nyingi hatuwahesabu kuwa wataalamu: mwalimu mwenyeji wa gredi ya chini, *macallin* wa duksi, na kijana wa kidato cha nne anayeshikilia darasa kwa malipo ya bodi ya shule.

Ulezi wa pande mbili

Kutokana na hayo, tunapendekeza mtindo wa ulezi wa pande mbili. Mgeni aliyehitimu chuo kikuu anajua sarufi, fasihi, maazimio ya kazi na andalio la somo. Kijana mwenyeji asiye na mafunzo anajua lugha ya watoto, wazazi wao, majira ya kuhama na mifugo, na njia zilizo salama. Kila mmoja ni mwanagenzi kwa mwenzake. Wakiketi pamoja mara moja kwa wiki, wakapanga somo, mmoja akafundisha na mwingine akatazama, kisha wakazungumza, wote wawili watakuwa wamekua. Na siku mgeni atakapoondoka, kwa hiari au kwa kulazimika, ujuzi hautaondoka wote ndani ya basi moja naye.

Wazo hili si ndoto. Katika mpango wa Tusome, uliotekelezwa nchini kote kuanzia mwaka 2015 ili kuboresha usomaji wa Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya mwanzo, maafisa wa usaidizi wa mtaala walizuru madarasa wakiwa na vishikwambi, wakasikiliza watoto wakisoma na kuzungumza na mwalimu papo hapo kuhusu somo lililokwisha. Funzo lake kuu ni kwamba mazungumzo mafupi baada ya somo halisi humfaa mwalimu kuliko semina ndefu ya hotelini.

Kambi za wakimbizi nazo zina la kutufunza. Katika kambi za Dadaab, kaunti ya Garissa, zilizoanzishwa mwaka 1991, walimu wengi ni wakimbizi waliomaliza sekondari tu. Kuanzia mwaka 2013, mradi uliowashirikisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vikuu viwili vya Kanada uliwapa baadhi yao mafunzo ya ualimu wakiwa palepale wanapofundisha. Huko Kakuma, kaunti ya Turkana, mradi wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani uliunganisha mafunzo, walezi wa rika moja na ushauri kwa simu kupitia WhatsApp, ambapo mwalimu wa kambini aliweza kumuuliza mwalimu wa nchi ya mbali namna ya kulitawala darasa kubwa. Panapokosekana mkongwe jirani, simu yaweza kuuziba sehemu ya ufa huo.

Nchi jirani ya Tanzania ilipitia njia kama hiyo zamani. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililohimiza elimu ya msingi kwa wote, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha, chini ya uangalizi wa wakufunzi karibu na vijiji vyao. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, hasa katika kiwango cha taaluma, lakini uliweka walimu mahali ambapo hapakuwa na mwalimu. Leo Tanzania Bara ina MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu wa shule moja hukutana na kujadili changamoto za ufundishaji wao.

Vikwazo

Kwa upande wa Kenya, TSC ina mpango wake wa kuwapokea, kuwalea na kuwaongoza walimu wapya, ujulikanao kwa kifupi kama TIMEC. Kuwepo kwa mpango ni jambo la kupongezwa. Utekelezaji wake, hata hivyo, hukabiliwa na vikwazo vitatu.

Kwanza ni muda. Mwalimu mwenye vipindi tele kwa wiki hawezi kuwa mlezi kwa hisani tu. Kipindi cha ulezi kisipowekwa katika ratiba, kitamezwa. Pili ni kuchanganya ulezi na ajira ya bei nafuu. Mpango wa walimu wanagenzi ulioanza mwaka 2020 ulielezwa kuwa wa kuwapa wahitimu uzoefu, lakini wengi walijikuta wakibeba kazi nzima ya mwalimu kwa posho ndogo. Mwaka 2024 walimu wanagenzi wa sekondari ya msingi waligoma wakidai ajira ya kudumu. Mwanagenzi asiye na mlezi ni kibarua mwenye jina zuri. Tatu ni kudharau maarifa ya mwenyeji asiye na cheti. Cheti ni muhimu, na njia ya kukipata inapaswa kufunguliwa kwa vijana wa Kaskazini Mashariki, maana wao ndio watakaobaki wengine wakiondoka. Lakini hata kabla ya kukipata, wana la kutufunza.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa tatizo la walimu Kaskazini Mashariki lina pande mbili. Upande wa usalama uko mikononi mwa dola, na hatupaswi kuchoka kuudai. Upande wa ulezi uko pia mikononi mwetu. Wasomali wanaosoma Kiswahili pamoja nasi katika kumbi hizi za mihadhara ni walezi tulio nao tayari. Chama chetu chaweza, kabla ya kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, kuandaa vikao ambamo wenzetu hao watawafunza wanaopangiwa Garissa, Wajir na Mandera salamu chache, sauti zinazowatatiza watoto, na adabu za kumkaribia mzee wa kijiji. Wakufunzi wetu waweza kuyakusanya makosa yenye mpangilio kutoka insha za wanafunzi wa huko, yakawa kijitabu cha mwalimu mgeni. Kazi hizi hazingoji bajeti ya wizara.

Wahenga walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu mpya hukabidhiwa jembe siku ya kwanza, saa mbili asubuhi, na darasa lenye macho sitini likimtazama. Tumpe angalau zile siku mbili, na mtu wa kumwonyesha mipaka ya shamba. Siku hiyo asubuhi, akiulizwa na mwenyeji wake mlangoni pa majilisi *nabad miyaa?*, yaani kuna amani?, na ajue namna ya kujibu: *waa nabad*.